Kisanduku cha tiki: ulikigusa, hukukigusa, au kilijirudia chenyewe?

Mama mmoja wa Sigor aliagiza vifaranga 50 kwa simu. Tunasema Sigor hii ya Chepalungu, kaunti ya Bomet, wala si ile ya Pokot Magharibi. Huku mahindi na ng'ombe wa maziwa ndio wengi. Majani chai utayaona zaidi ukipanda kuelekea Bomet mjini na Kericho. Mama alifungua tovuti ya kituo kimoja cha kutotoa vifaranga, akajaza fomu, akaweka PIN, mambo yakaisha. Bei ilikuwa shilingi 100 kwa kifaranga, kwa hivyo hesabu yake ya kichwani ilikuwa 5,000.

Kesho yake aliposoma ujumbe wa malipo kwa makini, akaona 5,350. Tena kuanzia juma hilo, kila Jumatatu kredo yake ikawa inapungua shilingi 10, na ujumbe unaingia: "Ushauri wa ufugaji wa kuku." Akapiga simu kule kituoni.

"Mama, ulikubali wewe mwenyewe," karani akamwambia. "Hapa kwetu tiki iko. Bima ya vifaranga 350, na ushauri wa kila wiki."

"Kijana wangu, hiyo tiki niliitoa kwa kidole changu mwenyewe."

"Pole mama, lakini kompyuta inaonyesha iko."

Sasa nani mkweli hapo? Jibu litakushangaza: wote wawili. Mama kweli alitoa tiki, na kompyuta kweli ilipokea tiki. Katika makala hii tutakueleza jinsi jambo kama hilo linavyotokea, kwa sababu kile kisanduku kidogo kilicho chini ya fomu kinaweza kugusa pesa zako, namba yako na jina lako. Pia tutakuonyesha la kufanya kabla ya kuweka PIN, na la kufanya kama umeshaweka.

Kisanduku cha tiki ni nini hasa?

Ni kile kimraba kidogo unachokiona kwenye fomu ya tovuti au ya programu ya simu. Ukikigusa kinaweka alama ya tiki, ukikigusa tena tiki inatoka. Kina hali mbili tu: kimewekwa tiki au hakina. Visanduku hivi si vya jana. Vilikuwamo katika HTML 2.0, kanuni za kuandika kurasa za wavuti zilizochapishwa Novemba 1995, na tabia yake ya msingi haijabadilika tangu wakati huo.

Usikichanganye na ndugu yake, kile kiduara cha kuchagua. Kiduara kinakulazimisha uchague kimoja tu: ukigusa "Nitachukua Sigor", ile alama iliyokuwa kwenye "Nitachukua Longisa" inatoka yenyewe. Visanduku havishindani hivyo. Unaweza kuweka tiki kwenye kimoja, vitatu, vyote, au usiweke popote. Kwa hivyo ukiona orodha ya visanduku, usifikiri kwamba kugusa cha pili kumefuta cha kwanza. Cha kwanza kiko palepale, na kama kina bei, bei yake imejumlishwa.

Kinachosafiri, na kisichosafiri

Hapa ndipo siri ilipo, kwa hivyo twende polepole.

Unapogusa "Tuma" au "Lipa", simu yako inakusanya majibu yote ya fomu na kuyapeleka kwenye seva, yaani ile kompyuta ya mwenye tovuti. Jina lako linaenda. Namba yako inaenda. Idadi ya vifaranga inaenda. Na kisanduku chenye tiki kinaenda na jina lake, kwa mfano "bima: ndiyo".

Je, kisanduku kisicho na tiki kinapeleka nini? Hakipeleki chochote. Hakisemi "bima: hapana". Hakitajwi kabisa, kana kwamba hakikuwepo kwenye fomu.

Fikiria daftari la yule anayekusanya maziwa asubuhi kando ya barabara. Aliyeleta lita 6 anaandikwa 6. Ambaye hakuleta haandikwi sifuri. Siku hiyo hana mstari. Sasa ukifungua daftari jioni, utajuaje kama huyu hakuleta kwa sababu ng'ombe hakutoa, au mkusanyaji alimpita tu bila kusimama? Daftari halisemi. Kimya chake kina maana mbili.

Seva nayo iko hivyo hivyo. Kisanduku kisipotajwa, inaweza kuwa mteja amekataa, au inaweza kuwa ukurasa huo haukumwonyesha kisanduku hata kidogo. Mwenye tovuti makini anajua hili na anaweka njia ya kutofautisha. Mifumo mingine ya kuendesha tovuti imelishughulikia tayari. Drupal, kwa mfano, inaikumbuka fomu iliyokuonyesha, kwa hivyo kisanduku kimoja kisicho na tiki kinahesabiwa 0 na chenye tiki kinahesabiwa 1. Wengine wanaotengeneza fomu kwa mikono huweka jibu la "0" lililofichwa nyuma ya kisanduku, ili usipoweka tiki, angalau hiyo sifuri ifike. Asiyejua hayo anakiacha kimya kizungumze chenyewe, na kimya kinaweza kutafsiriwa vibaya.

Tiki iliyojirudia

Turudi kwa mama wetu. Fomu aliyofungua ilikuwa na kisanduku kimoja chini, na kilikuwa kimewekwa tiki tayari kabla hajagusa lolote: "Niongezee bima ya vifaranga (350) na ushauri wa kila wiki." Kuweka tiki mapema hivyo si kazi ngumu. Kwenye msimbo wa ukurasa ni neno moja tu, "checked", na kisanduku kinafunguka kikiwa na alama yake.

Mama alikiona. Akakigusa, tiki ikatoka. Akaendelea. Lakini alipoandika namba ya simu, aliruka tarakimu moja. Alipogusa "Lipa", ukurasa ukarudi na maandishi mekundu juu: "Namba ya simu si sahihi." Akarekebisha namba, akagusa "Lipa" tena, ombi la PIN likaja, akaweka.

Kilichotokea katikati ni hiki. Mara ya kwanza fomu ilipokwenda, kisanduku kisicho na tiki hakikutajwa. Seva ikaona namba ina kasoro, ikaijenga fomu upya ili aijaze tena. Ilipofika kwenye kile kisanduku ikajiuliza: mteja alijibu nini hapa? Haikupata jibu. Badala ya kuelewa kwamba amekataa, ikasema "hajajibu bado" na kurudisha hali ya mwanzo. Hali ya mwanzo ilikuwa na tiki. Kwa hivyo ukurasa ulipomrudia mama, tiki ilikuwa imerudi, huku yeye macho yako juu kwenye maandishi mekundu. Nani ataangalia chini kitu alichokwisha kukimaliza?

Ndiyo maana tunasema wote wawili ni wakweli. Mama alikataa mara ya kwanza. Seva ilipokea "ndiyo" mara ya pili. Karani hakusema uongo, alisoma tu kilichofika. Kosa liko kwa fomu, mara mbili: kwanza kuweka tiki ambayo mteja hakuiomba, pili kushindwa kukumbuka kwamba aliitoa.

Kwa hivyo shika hili: ukurasa ukikurudia na kosa lolote, hata kama ni herufi moja ya jina, anza kuangalia upya kutoka juu mpaka chini. Usirekebishe tu palipoandikwa kwa rangi nyekundu.

Visanduku vitatu utakavyokutana navyo unapolipa

Si kila kisanduku ni mtego. Vipo vya lazima na vya haki. Vingi vinaangukia katika mafungu matatu.

1. Cha masharti. "Nimesoma na ninakubali masharti ya huduma." Hiki mara nyingi ni cha lazima, na bila tiki hutaendelea. Ni sawa, mradi masharti yenyewe yanafunguka ukiyagusa. Kama maneno "masharti" hayafunguki, au yanafungua ukurasa mtupu, simama hapo. Hujui unakubali nini.

2. Cha matangazo na huduma za ziada. "Nitumie habari za bidhaa na ofa." "Niongezee bima." Hiki kiwe hiari yako kabisa. Kisiwe na tiki kabla hujafika, na kisichanganywe na kile cha masharti. Ukiona sentensi moja inasema "Ninakubali masharti na kupokea matangazo kutoka kwetu na washirika wetu", ujue hapo wamefunga mbuzi wawili kwa kamba moja.

3. Cha kuhifadhi. "Kumbuka namba yangu" au "Hifadhi maelezo yangu kwa malipo yajayo." Kwenye simu yako peke yako hiki kinaweza kukusaidia. Kwenye simu ya kuazima, au kompyuta ya saibakafe, usikiguse. Anayekuja baada yako ataikuta namba yako imekaa pale.

PIN ndiyo lango la mwisho

Haya ndiyo muhimu kuliko yote kwa pesa zako. Tovuti yoyote inaweza kuwa na kisanduku kilichowekwa tiki vibaya, lakini unapolipa kwa simu, pesa hazitoki kabla ombi la malipo halijafika kwenye skrini yako na wewe kuweka PIN. Ombi hilo linataja mambo mawili: kiasi, na jina la anayelipwa.

Kwa mama wetu, ombi liliandika 5,350. Tofauti ya 350 ilikuwa mbele ya macho yake, ila alikuwa anatarajia 5,000 na akaona alichotarajia. Ni jambo la kibinadamu, sote tunafanya hivyo.

Kwa hivyo jizoeze hivi:

Fanya hesabu yako kabla. Vifaranga 50 mara 100 ni 5,000. Iseme kwa sauti kama unaweza.

Ombi la PIN likija, soma kiasi tarakimu kwa tarakimu. Kisha soma jina.

Kikizidi hata kwa shilingi 20, gusa "Ghairi". Kughairi ombi hakukutozi chochote. Rudi kwenye fomu, tafuta ile tiki.

Ila kumbuka kwamba PIN inalinda pesa zilizo kwenye pochi yako. Hailindi namba yako isipelekewe matangazo, wala hailindi kredo inayokatwa na ujumbe wa kulipia. Hayo yanalindwa na macho yako, na sheria.

Sheria inasema nini?

Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, iliyoanza kutumika Novemba 25, 2019. Kwa sheria hii, ridhaa si kitu cha kubahatisha. Ni lazima iwe wazi, ya hiari, ya jambo mahususi, mtu akiwa ameelezwa anachokubali, na aionyeshe kwa kauli au kwa tendo dhahiri. Hebu pima tiki iliyowekwa mapema kwa kipimo hicho. Tendo la mteja liko wapi? Hakufanya kitu. Mtu aliyekaa kimya hajasema ndiyo.

Ulaya walishalipeleka swali hili mahakamani. Mnamo Oktoba 1, 2019, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kesi ya Planet49, kampuni iliyokuwa ikiendesha bahati nasibu mtandaoni kwa wateja wa Ujerumani. Fomu yake ilikuwa na kisanduku chenye tiki tayari, cha kuruhusu mienendo ya mteja mtandaoni ifuatiliwe. Mahakama ilisema tiki ya namna hiyo si ridhaa halali. Uamuzi huo si sheria ya Kenya, lakini maneno ya sheria zetu kuhusu ridhaa yanafanana sana na ya kwao.

Kifungu cha 32 cha sheria yetu kina mambo mawili ambayo mteja anafaa kuyajua kama anavyojua bei ya unga. La kwanza, mzigo wa kuthibitisha kwamba ulikubali uko kwa anayetumia data yako, hauko kwako. Karani akisema "ulikubali", ni yeye wa kuonyesha lini, wapi, na kwa maneno gani. La pili, una haki ya kuondoa ridhaa yako wakati wowote. Ulichokubali Jumatatu unaweza kukikataa Jumanne.

Na sheria ina meno. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitangaza faini tatu kwa pamoja. Shule moja ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Kilabu kimoja cha burudani kikatozwa 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ridhaa yake. Kampuni moja ya mikopo ya kidijitali ikatozwa 2,975,000 kwa kutumia majina na namba za watu iliyozipata kwa wengine, na kuwatumia ujumbe wa vitisho na kuwapigia simu. Katika yote matatu, swali lilikuwa lilelile la kisanduku chetu: huyu mtu alikubali?

Tukiwa kwenye mikopo, Benki Kuu ya Kenya nayo ilitoa kanuni za wakopeshaji wa kidijitali mwaka 2022. Kanuni hizo zinawakataza kuingia kwenye orodha ya namba zilizo katika simu yako ili kuwatumia ndugu na marafiki ujumbe ukichelewa kulipa. Kwa hivyo programu ya mkopo ikikuletea kisanduku cha "Ruhusu kusoma namba zako zote", jiulize inazitaka za nini.

Na wenye kabambe je?

Kwenye simu ya kabambe hakuna kisanduku cha kugusa. Ukipiga namba ya huduma, menyu inakuja na maneno: "1. Kubali. 2. Kataa." Hapo kuna uzuri wake. Huwezi kupita bila kujibu, na hakuna jibu linalojiweka lenyewe. Lakini jihadhari na haraka. Wengi tumezoea kubonyeza 1, 1, 1 mpaka mwisho kwa sababu menyu inakatika ukichelewa. Kama imekatika, piga tena, haikugharimu kitu kikubwa. Kubonyeza 1 usiyoisoma ni sawa na kutia saini kwenye karatasi usiku bila taa.

Tena, ukimsaidia mzazi au jirani asiyesoma vizuri, msomee kila swali kwa lugha anayoielewa, iwe Kipsigis au Kiswahili, kabla hujambonyezea. Umwambie, "Mzee, hapa wanauliza kama unataka wakutumie matangazo. Niseme nini?" Ridhaa ni yake. PIN nayo ni yake: mpe simu aiweke mwenyewe, nawe uangalie pembeni.

Kama una duka, chama au shule yenye fomu mtandaoni

Baadhi yenu wasomaji mnalipwa kwa simu na mna tovuti ndogo: chama cha maziwa, duka la mbegu, shule inayosajili wanafunzi. Labda kijana wa mtaani alikutengenezea kwa WordPress au Drupal. Muulize maswali haya matano, na usikubali jibu la "itakuwa sawa tu".

Kwanza, visanduku vya hiari vinafunguka bila tiki? Viwe vitupu mpaka mteja aviguse.

Pili, fomu ikirudi na kosa, inakumbuka alichochagua mteja, hata kama alichagua kutoweka tiki? Jaribu wewe mwenyewe: toa tiki, andika namba ya simu yenye tarakimu pungufu, tuma, halafu angalia. Jaribio hili linachukua dakika moja, na lingemwokoa yule mama pamoja na yule karani.

Tatu, mteja akichagua vitu kadhaa, vyote vinafika? Kwenye PHP, lugha inayoendesha WordPress na Drupal, visanduku kadhaa vikipewa jina moja bila alama ya mabano mraba mwishoni mwa jina hilo, kinachobaki ni cha mwisho tu. Mkulima anachagua mahindi, maharagwe na sukuma wiki, wewe unapokea sukuma wiki peke yake. Halafu mnaanza kulaumiana.

Nne, maneno yaliyo kando ya kisanduku yanagusika? Fomu iliyotengenezwa vizuri inaunganisha maneno na kisanduku chake, hivyo ukigusa popote kwenye sentensi tiki inaingia. Isipounganishwa, mteja anahangaika kulenga kimraba kidogo kwa kidole gumba kilichoshinda kikikamua au kuchuma majani. Mwongozo wa kimataifa wa kufanya tovuti zitumike na kila mtu, WCAG 2.2, uliotolewa Oktoba 2023, unataka kwa kawaida sehemu ya kugusa isipungue pikseli 24 kwa 24. Ukiweza, ifanye kubwa zaidi. Kuunganisha huko pia ndiko kunakomwezesha asiyeona, anayetumia simu inayosoma kwa sauti, kujua kisanduku hiki kinauliza nini.

Tano, unahifadhi nini kama ushahidi? Usihifadhi "ndiyo" tupu. Hifadhi tarehe, saa, na maneno kamili ambayo mteja aliyaona siku hiyo. Ukibadilisha maneno ya kisanduku mwezi ujao, ridhaa ya zamani inabaki kuwa ya maneno ya zamani. Kumbuka, mzigo wa kuthibitisha ni wako.

Usione hii kama kazi ya kumfurahisha mwanasheria. Mteja aliyekatwa shilingi 350 asizozijua hakupigii kelele kila mara. Mara nyingi ananyamaza, halafu siku ya soko anawaambia wengine kumi.

Tayari imenitokea. Nifanye nini?

Hatua ya 1. Tunza ushahidi. Usifute ujumbe wa malipo. Una kiasi, tarehe na nambari ya muamala. Kama ukurasa wa fomu bado unafunguka, upige picha ya skrini, hasa pale kisanduku kinapofunguka na tiki yake.

Hatua ya 2. Wasiliana na uliyemlipa, kwa maandishi. Ujumbe mfupi unatosha: "Sikuomba bima ya 350 wala ushauri wa kila wiki. Naomba mnirudishie pesa na mwondoe namba yangu kwenye orodha yenu." Hapo umeondoa ridhaa, na una tarehe.

Hatua ya 3. Zuia ujumbe wa kulipia. Fuata maelekezo ya kujiondoa yaliyo ndani ya ujumbe wenyewe. Yasipokuwepo au yasipofanya kazi, waambie mtandao wako wa simu wakuondoe.

Hatua ya 4. Tupigie sisi ukiwa na nambari ya muamala. Tukwambie ukweli: malipo uliyoweka PIN kwenda kwa mfanyabiashara hatuwezi kuyachukua tu na kuyarudisha bila kumsikiliza upande wake. Lakini malalamiko yako yataandikwa, na mfanyabiashara ataulizwa. Tukipata malalamiko mengi kuhusu fomu moja, tunajua pa kuangalia.

Hatua ya 5. Wakiendelea kutumia data yako bila ridhaa, lalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data kupitia tovuti yake, odpc.go.ke. Sheria inataka lalamiko lichunguzwe na kumalizwa ndani ya siku 90.

Maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Nikitoa tiki ya matangazo, nitakosa ujumbe wa malipo yangu?
Hapana. Ujumbe wa kuthibitisha muamala ni sehemu ya huduma yenyewe. Matangazo ni jambo jingine.

Wanaweza kuninyima bidhaa kwa sababu nimekataa matangazo?
Ridhaa inatakiwa iwe ya hiari. Sheria inasema katika kupima uhuru huo, itaangaliwa kama huduma imefungwa kwenye data ambayo haihitajiki kuitoa huduma hiyo. Kukuletea vifaranga kunahitaji namba yako ili dereva akupigie. Hakuhitaji wakutumie ofa.

Kuna mtu amenipigia, anasema ataniondolea tiki nikimpa PIN.
Huyo ni mwizi. Kata simu. Hakuna tiki duniani inayoondolewa kwa PIN, na sisi hatutakuuliza PIN yako kamwe.

Nimegusa kisanduku na hakuna tiki inayoonekana.
Inawezekana mtandao ni mzito na muundo wa ukurasa haujafika wote, hasa ukiwa mahali mawimbi ni hafifu. Usikiguse mara nyingi: mguso wa kwanza unaweka, wa pili unatoa, na hutajua umeishia wapi. Subiri, au upakie ukurasa upya na uanze mwanzo.

Kabla hujafunga ukurasa huu

Yule mama aliandika ujumbe wake, akaambatanisha picha ya skrini ya fomu ikifunguka na tiki. Yule karani, kwa haki yake, alifungua fomu kwenye simu yake mwenyewe, akatoa tiki, akaandika namba pungufu makusudi, akaona tiki imerudi. "Mama, umesema kweli," akamwambia. Alirudishiwa 350, na ujumbe wa Jumatatu ukakoma. Bima aliikataa. Baadaye akaamua kujifunza ufugaji kwa jirani yake mwenye kuku 200, bila malipo, wakinywa chai.

Kwa hivyo safari ijayo ukijaza fomu, fanya mambo manne: soma kila kisanduku mpaka chini, kiangalie tena ukurasa ukikurudia, soma kiasi na jina kabla ya PIN, na hifadhi ujumbe wa malipo. Nakala hii mtumie pia yule jirani anayekuombaga umjazie fomu.